Kontra ya Uturuki ao bursi ya Marekani? Jibu kwa mama wa Katuba

Mama mmoja wa Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Kochi, mtoto wangu iko na miaka 17, anapima 2m04, iko mwaka wa mwisho wa humanite. Kuna bwana mmoja anasema ni manaja, anataka kumpeleka Uturuki mwezi wa 3 akacheze basketi ya kulipwa, anasema shule ni kupoteza muda. Kochi mwengine anasema angoje, atafute bursi ku inivesite ya Marekani. Baba yake anataka feza, mimi naogopa. Tufanye nini?»

Asante mama kwa kuuliza mbele ya kutia mkono. Wazazi wengi wananitafuta kisha, wakati mtoto amekwisha kwenda na simu yake haipiti tena.

Nianze na ule mwezi wa 3, juu njo kitu cha kwanza kilinishtua. Egzeta, ule mtihani wa Eta wa kumaliza humanite, inafanyika karibu na mwezi wa 6. Mtoto amesoma miaka 12, minervali umelipa, iniforme umelipa, makaratasi ya kila namna umelipa, sasa mtu anakuja kukwambia uache vyote wakati inabakia miezi 3 tu! Klabu yenye inamtaka kweli itamngoja hiyo miezi 3. Na tena msimu wa basketi kule unaanza mwezi wa 9 ao wa 10, mwezi wa 3 wako wanaelekea kumaliza, kijana wa miaka 17 mwenye hawajamuona anakwenda kufanya nini pale? Halafu kuna sheria: FIBA, shirika la basketi la dunia, haikubali mchezaji mwenye hajatimiza miaka 18 ahame inchi moja kwenda ingine, isipokuwa kesi za pekee zenye wanachunguza moja moja, na katika kesi hizo klabu inaombwa ionyeshe mtoto atasoma wapi. Basi huyo bwana, ao hajui hiyo sheria, na manaja asiyejua sheria ya kwanza ya kazi yake hafai kubeba mtoto wako, ao anaijua na anakuficha. Kwangu mimi mwezi wa 3 umekwisha kujibiwa: hapana.

Sasa tuingie ku swali lenyewe, profesionele ao inivesite, juu hilo halina jibu la mstari moja na sitaki nikudanganye kama vile shule njo inashinda kila mara.

Vijana wetu wa Kongo watatu waliruka inivesite na wote watatu wakaingia NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani, na kila moja alichaguliwa namba 7 ku drafti, ile siku klabu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Bismack Biyombo ni mtoto wa hapa Lubumbashi, amezaliwa 1992, aliondoka kijana mdogo, kochi mmoja Mreno akamuona ku Yemen, akampeleka Hispania, akachezea klabu ya Fuenlabrada ku ligi ya wakubwa, na mwaka 2011 akaenda ku mechi ya vijana wa dunia, Nike Hoop Summit, pale Portland, akafanya poin 12, ribaundi 11 na bloku 10, kitu chenye hakuna mtu alikuwa amekifanya ku mechi ile, miezi michache kisha akachaguliwa namba 7. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, familia yake ilikimbia vita, wakaingia Texas, alikuwa amekwisha kukubaliana na inivesite ya SMU, lakini 2014 akaenda China ku klabu ya Guangdong kwa mwaka mmoja wa dolari milioni 1 na laki 2, na alisema wazi kwamba anataka kumsaidia mama yake. 2015 akachaguliwa namba 7. Na Jonathan Kuminga amezaliwa Goma mwaka 2002, akafika Marekani 2016, badala ya inivesite akaingia G League Ignite, ekipe yenye NBA yenyewe iliitengeneza kwa vijana wa namna hiyo, 2021 namba 7 kwa klabu ya Golden State, na 2022 wakawa shampioni.

Najua huyo manaja amekutajia majina haya, ao moja yao. Wote wanayataja. Na ni kweli. Lakini mama, angalia vizuri wale vijana walisaini nini. Biyombo alikuwa anacheza ku ligi ya Hispania, yenye wengi wanaihesabu ya pili kwa nguvu kisha NBA, mechi zake maskauti, wale wenye kutafutia klabu wachezaji, walikuwa wanaziona kila wiki. Mudiay alikuwa kati ya vijana wa kwanza kabisa wa miaka yake Marekani nzima, inivesite kubwa zote zilikuwa zinamgombania, ile feza ya China ilikuja juu jina lilikuwa limekwisha kutoka. Kuminga vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeondoka na mtu mmoja mwenye simu mbili na ahadi. Klabu, ao ligi, njo ilimuita, kwa karatasi, na feza zilikuwa zinajulikana.

Na tena ujue, ule mlango wa Kuminga umefungwa. Ignite ilifungwa 2024, juu feza zimeingia ku inivesite na vijana wenye kipaji hawakuwa tena na sababu ya kuziepuka. Mlango wa Mudiay pia ulikuwa mwembamba: ku China aliumia kifundo cha mguu, akacheza mechi chache sana ule msimu, na kama si jina alilokuwa nalo toka mbele, sijui ni nani angemchagua. Alicheza NBA miaka karibu 5, kisha nafasi ikapotea. Kwa mtu mwenye alilipwa feza zile na akatunza, miaka 5 si kitu kidogo, mimi siwezi kusema alikosea. Lakini wewe mama unazungumuzia kijana mwenye hajawahi kuonekana nje ya Lubumbashi.

Upande mwengine. Dikembe Mutombo, Mungu amlaze pema, alitutoka tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024. Yeye alifika ku inivesite ya Georgetown, Marekani, 1987 akiwa na miaka 21, na bursi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, alikuwa anataka kuwa doktere, basketi ilikuja kisha, wakati kochi John Thompson alimuona na urefu ule. Alimaliza masomo, luga na diplomasia, 1991 akachaguliwa namba 4, akacheza misimu 18. Na ile hospitali yenye alijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, ilifunguka 2007, haikujengwa na mikono ya mtu mwenye anajua paka kuruka. Ilitaka mtu mwenye anajua kuzungumuza na wakubwa, kuandika, kuomba, kusimamia feza. Vitu vile alivipata ku shule. (Biyombo pia alitoa feza za kujenga hospitali huku Kongo, na hakupitia inivesite, kwa hiyo sisemi diplome njo inatengeneza moyo wa mtu.)

Halafu kuna Oscar Tshiebwe, mtoto mwengine wa Lubumbashi. Huyu njo mfano ninaowapa wazazi zaidi, juu unafundisha pande zote mbili. Alipitia inivesite ya West Virginia, kisha ya Kentucky, na 2022 akatangazwa mchezaji bora wa inivesite zote za Marekani. Bora wa zote! Angeweza kutoka pale pale, lakini akarudia mwaka mwengine. 2023 drafti ikafika, wakasoma majina mpaka mwisho, lake halikusomwa. Akaanzia chini, kwa kontra ndogo ya Indiana, kisha Utah, klabu za NBA, akapambana. Kwa hiyo yule kochi mwenye anakwambia inivesite ni njia salama ya NBA, naye anakudanganya kidogo. NCAA wenyewe, wenye kusimamia michezo ya inivesite, wanasema chini ya 2% ya wachezaji wao njo wanaingia profesionele. Inivesite haimtengenezei mtoto wako nafasi ku NBA, inamtengenezea nafasi ya kuishi kama NBA haikuja, na hiyo njo sababu moja yenye inanitosha.

Baba yake anataka feza, sawa, ni baba, na miezi ya kukosa tunaijua wote hapa. Basi tuhesabu feza pamoja naye. Mwambie baba kwamba inivesite za binafsi za Marekani, masomo, kulala na kula, nyingi zinapita dolari 60.000 kwa mwaka mmoja, bursi nzima inalipa vyote vile miaka 4. Sasa tuseme klabu ndogo ya daraja la pili ao la tatu inampa kijana dolari 800 kwa mwezi, miezi 8 ya msimu, ni 6.400, manaja atatosha yake, tikiti watatosha, chakula, simu, akitumia nyumbani itabakia nini? Hiyo 800 ni mfano wangu mimi, weka hesabu yenye huyo bwana aliandika, kama aliandika.

Na ile habari ya kusema mchezaji wa inivesite anachezea bure imepitwa. Mbele, mpaka 2021, mchezaji hakuwa na ruhusa ya kupokea hata franga juu ya jina lake. Toka mwezi wa 7 ya 2021 wanaweza kulipwa na matangazo, na mwezi wa 6 ya 2025 jaji alikubali mapatano yenye yanaruhusu inivesite zenyewe ziwalipe wachezaji. Vijana wengine wanapata kule kuliko wangepata Ulaya. Lakini hapa njo kuna mtego, na manaja wazuri hata wao wanausahau: mtoto wetu anaingia na visa ya mwanafunzi, F-1, na visa ile haimruhusu kufanya kazi kama wenyeji. Tshiebwe mwenyewe, wakati Kentucky ilikwenda kucheza Bahamas 2022, alitumia safari ile kufanya kazi za matangazo kule, nje ya Marekani, juu ndani visa ilimfunga. Mtoto asipokee feza ya mtu yeyote kule bila kuuliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya inivesite yake. Akiharibu visa, inivesite na basketi vyote vinakwenda pamoja.

Sasa nikuelezee kitu chenye kinaniuma, juu bila hiki hutaelewa kwa nini ninaandika mrefu hivi. Niko na kijana mmoja nilimfundisha toka miaka 13. Alikuwa na mikono ya ajabu, anashika mpira sawa mtu anashika embe. Alitimiza 18, manaja akaja, akaacha shule mwezi wa 4, miezi 2 mbele ya egzeta, na mimi sikupiga kelele ya kutosha, nilisema ni bahati yake, nisiwe mtu wa kumfungia. Klabu ya kule ilimlipa miezi 2. Mwezi wa 4 wa msimu goti likakatika, ile kamba ya ndani tunaiita kruaze. Mu kontra kulikuwa mstari moja unasema akiumia zaidi ya siku 30 mshahara unasimama, na kontra ilikuwa ya luga yenye yeye hasomi, alitia mkono ku ukurasa wa mwisho. Operesheni haikulipwa. Pasipoti ilikuwa kwa manaja, na manaja hakuwa anapokea simu tena. Watu wa kanisa la kule njo walimchangia tikiti ya kurudi. Leo iko na miaka 29, anaendesha taksi-moto, ni mtu mzima mwenye heshima, analisha watoto wake. Mwaka jana aliniuliza kama ataweza kuingia kalasi ya mwisho pamoja na watoto wa miaka 17, apate ile diplome. Kwa goti tu, mama, angekuwa amerudi na goti baya. Kwa goti na bila diplome alirudi kuanzia sifuri.

Kwa hiyo mimi nikupe namna ninavyopima. Mtoto aende profesionele kama ametimiza 18, iko na diplome ya Eta mu mkono, na klabu yenyewe, si manaja, imeandika barua yenye jina la klabu, na feza zake za miaka 2 ni garanti hata akiumia, na ile feza ni ya kutosha hata kama basketi ingekwisha kesho anaweza kujilipia masomo. Hapo hata mimi nitamshikia valizi. Ikikosekana moja, atafute bursi. Siwezi kulegeza hapo.

Huyo manaja muulize namba ya lisansi yake ya FIBA. Majina ya maajenti wenye lisansi yanaonekana ku saiti ya FIBA, dakika 5 unajua. Kontra itafsiriwe ku Kifaransa na usome ukurasa kwa ukurasa, usiseme kesho. Angalia mstari wa kuumia, nani analipa operesheni. Angalia mstari wa kuvunja kontra, juu hata Biyombo wakati alikuwa anakwenda NBA kulikuwa mvutano na klabu yake ya Hispania juu ya ile feza ya kumuachilia. Angalia kama wameandika kwamba ugomvi utahukumiwa na BAT, ile tribinali ya basketi iko Geneva, bila mstari ule mtoto atakwenda kulia mbele ya jaji wa mji wenye hajui hata jina lake. Tikiti ya kwenda NA ya kurudi. Pasipoti ibakie kwa mtoto, siku zote, hata wakisema ni ya kutunza. Na kama bwana anaomba wewe umlipe kwanza, hata dolari 200 za «dosie», maliza mazungumuzo pale pale.

Kitu kingine, najua kinafanyika na hakuna mtu anapenda kukisema kwa sauti: wasimpunguzie miaka. Watakwambia «tukimuandika 15 atapendwa zaidi». Hapana mama. Bulteni zake za shule zina tarehe ya kuzaliwa, batizo iko nayo, na siku karatasi mbili zitapingana ku ambasade visa inakufa, na jina lake litabeba mashaka mpaka mwisho. Miaka 17 na 2m04 ni nzuri ya kutosha, ya kweli.

Ku njia ya inivesite, kazi inaanza leo na haiharibu egzeta. Kusanya bulteni zote za miaka 4 ya humanite, zote, na mihuri, juu NCAA inaangalia masomo 16 ya msingi, hesabu, sayansi, luga, historia, na wastani wa alama, 2,3 kwa hesabu yao ya 4, njo anaruhusiwa kucheza mwaka wa kwanza. Ule mtihani wa SAT, wa kuingilia inivesite za Marekani, NCAA haiombi tena toka 2023, lakini Kiingereza inivesite itaomba, basi Kiingereza kila siku, saa moja, hata kwa simu. Mrekodi mechi 3 nzima toka mwanzo mpaka mwisho, siyo paka smashi, makochi wa kule wanataka kuona anarudi kukaba namna gani akichoka. Na akimaliza humanite asikae nyumbani miaka 2 «akingoja bahati», juu NCAA wanaangalia muda aliokaa kisha ya kumaliza, na wanaweza kumkatia misimu. Kama alama hazitoshi kuna koleji za miaka 2, si aibu kuanzia pale. Tena uliza bursi ni ya mwaka mmoja ao ya miaka 4, iandikwe, zingine zinaongezwa kila mwaka kochi akipenda. Na uwe macho na shule za sekondere za kule zenye zinachukua watoto warefu wa Afrika na kuwaacha wakiumia, mbele ya kukubali tafuta mtoto mmoja wa Kongo ao wa Afrika mwenye amepita pale, uzungumuze na mama yake.

Uliniandika pia kwamba mdogo wake anacheza mpira wa miguu na kuna watu wameanza kuja. Kwa kifupi: FIFA nayo inakataza kuhamisha mtoto chini ya 18 ku inchi ingine, isipokuwa vichache, kwa hiyo kila mtu atakayekuja mbele ya pale jibu ni lile lile. Na klabu yake ya mtaa iandike vizuri toka lini anacheza pale, juu siku akiuzwa nje kuna sehemu ya feza, 5%, yenye inagawanywa kwa klabu zilizomlea toka miaka 12, na klabu zetu nyingi zinaikosa juu hakuna karatasi.

Kwa baba yake, usiende kumpinga nyumbani peke yako. Jumamosi niko ku uwanja toka saa 3 ya asubuhi, mje wote watatu, mlete bulteni na ile karatasi ya manaja, kama iko karatasi. Huyo bwana mwambie paka hivi: mtoto anafanya egzeta mwezi wa 6, unaweza kungoja? Halafu unipigie uniambie alijibu nini.